Pengo la mageuko si ruhusa ya kula kama mababu

Imekuwa desturi hapa Nairobi, kwa wakufunzi wa mazoezi na kwa wageni wa vipindi vya redio vya asubuhi, kudai kwamba ugali na chapati vinatudhuru kwa sababu miili yetu "ilitengenezwa" kwa maisha ya uwindaji, na kwamba atakaye afya arudie nyama. Dhana inayopotoshwa hapo ni pengo la mageuko: sifa ya mwili iliyoenea kwa kuwa ilifaa katika mazingira fulani huweza kuleta madhara pale mazingira yanapobadilika upesi kuliko urithi wa vizazi unavyoweza kufuata.

Pengo hilo halimo mwilini peke yake, wala halimo katika chakula peke yake. Limo katika uhusiano wa viwili hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Waturkana ulionyesha jambo hili waziwazi. Wafugaji wanaotegemea zaidi maziwa, nyama na damu ya mifugo walikuwa na afya njema ya moyo na mishipa, ilhali ndugu zao waliohamia mijini walikuwa wanene zaidi na wenye shinikizo la damu la juu zaidi, na waliokulia katika mazingira ya mji waliathirika zaidi utu uzimani. Wote ni wa jamii moja, wenye asili moja. Anayeketi Kenyatta Market mbele ya kilo ya nyama choma, gari likimsubiri nje, hawezi basi kumtaja mfugaji wa Turkana kuwa shahidi wake, kwa maana mfugaji yule haketi hivyo.

Isitoshe, mageuko hayakukoma zama za mawe. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa ulienea miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki katika miaka elfu chache tu iliyopita, kupitia mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Ulaya.

Kosa linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni kudhani kwamba uteuzi wa asili ulikusudia afya yetu. Uteuzi hauna kusudi. Hupitisha kile kilichowasaidia wenye nacho kuacha watoto wengi zaidi. Jeni ya selimundu humkinga dhidi ya malaria kali aliyeirithi kwa mzazi mmoja, na humwadhibu kwa ugonjwa mzito aliyeirithi kwa wote wawili. Familia iliyotoka kandokando ya Ziwa Viktoria ikahamia Nairobi, ambako mwinuko wa takriban mita 1,700 hupunguza sana maambukizi ya malaria, imebaki na gharama ya jeni hiyo huku faida yake ikififia, na hakuna aishauriye irudi kwenye mbu kwa sababu mababu waliishi nao.

Badala ya kusema kwamba mwili uliumbiwa nyama, ingefaa kutaja sifa gani, ilifaa katika mazingira gani, na ni nini hasa kilichobadilika. Asiyeweza kuyataja hayo matatu anatoa ushauri wa lishe wa kawaida, jambo lisilo baya, ila asilihusishe na mageuko.