Don Hutto na magereza ya kampuni: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi huamini kuwa magereza ya kibinafsi ya Marekani ni kazi ya wafanyabiashara waliovamia fani wasiyoijua. Tom Beasley na Robert Crants kweli hawakuwa watu wa magereza. Lakini mwenzao wa tatu katika kuanzisha Corrections Corporation of America, kampuni ya kuendesha magereza, mjini Nashville, mwaka 1983, alikuwa Terrell Don Hutto, mtumishi wa serikali aliyebobea. Aliongoza shamba la gereza la Ramsey, Texas, ambako wafungwa walilima pamba bila ujira. Kuanzia 1971 akawa mkuu wa magereza ya Arkansas, kisha ya Virginia.

Basi alijiunga na kampuni akiwa na sifa safi? Hapana, na hili linaniuma kwa jinsi lilivyosahaulika. Kesi ya Hutto v. Finney ya mwaka 1978, ya wafungwa waliolalamikia hali ya magereza ya Arkansas, ina jina lake. Huko Arkansas, wafungwa waliotiwa adhabu walirundikwa wanne kwa wastani, mara nyingine 10 au 11, katika chumba kisicho na dirisha cha futi 8 kwa 10, wakilishwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Tumtendee haki: mashtaka yalianza kabla hajafika. Hata hivyo mahakama iliendelea kukuta ukatili akiwa madarakani, na Mahakama ya Juu ikaridhia kwamba kufungiwa katika vyumba hivyo kusizidi siku 30. Miaka michache baadaye alikuwa rais wa American Correctional Association, chama kinachoyapa magereza ithibati.

Wapo wanaodhani faida ya jela ilianza na kampuni hiyo. Sivyo: majimbo ya Kusini yaliwakodisha wafungwa, wengi wao weusi, kwa mashamba na migodi tangu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Na si kweli kwamba wafungwa wengi wa Marekani wamo katika magereza ya kampuni. Ni takriban 8 kwa mia. Kwa wahamiaji hesabu ni nyingine kabisa, maana wengi wao huzuiliwa katika vituo vya kampuni. Ndio waliokuwa wateja wa kwanza: Januari 1984, moteli moja ya Houston ilizungushiwa uzio haraka ili kuwapokea. Mwaka 2006 kampuni ilianza kuzuilia familia, watoto wakiwemo, katika kituo cha Taylor, Texas, kilichoitwa T. Don Hutto. Mawakili walilazimika kufungua kesi, na ilikuwa hadi 2009 ndipo serikali ikawatoa watoto humo.