Mika Waltari na Misri asiyoikanyaga: dhana potofu na ukweli

Wasomaji wengi wa riwaya Sinuhe egyptiläinen, yaani Sinuhe Mmisri, iliyotoka mwaka 1945, huamini kwamba mwandishi wake, Mfini Mika Waltari, aliishi miaka mingi kando ya Mto Nile. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukanyaga Misri. Alizaliwa Helsinki mwaka 1908, na nchi ya mafarao aliijua kwa kusoma. Tena, miaka kadhaa kabla ya riwaya hiyo, alikuwa amekwisha kuandika tamthilia juu ya Akhenaten, farao aliyetaka watu wamwabudu mungu mmoja.

Kwa sababu hiyo, hata madai kwamba riwaya hiyo ililipuliwa, eti kwa kuwa iliandikwa kwa miezi michache, hayana msingi. Waltari alikuwa mwanahabari, aliyehariri jarida la Suomen Kuvalehti kuanzia 1936 hadi 1938, na mtu aliyezoea kuandika huku mtambo wa kuchapa ukimsubiri haogopi mamia ya kurasa, maadamu amekwisha kujiandaa.

Dhana inayompunja zaidi, kwa maoni yangu, ni kuichukua Sinuhe kama hadithi ya kale tu. Ufini ilipopigana na Umoja wa Kisovieti, Waltari aliajiriwa katika idara ya habari ya serikali, na kalamu yake ikatumika kwa propaganda. Ndiyo maana vita vya Wamisri na Wahiti (taifa la kale lililokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki) ndani ya riwaya, pamoja na Akhenaten ambaye ndoto yake ya amani inaiachia nchi maafa, havisomeki kama mambo ya miaka elfu tatu iliyopita: aliyeviandika alikuwa ametoka kushuhudia Ulaya ikiteketea.

Wengine hudhani kwamba aliandika riwaya za kihistoria peke yake, ilhali alijipatia jina mwaka 1928 kwa Suuri illusioni, riwaya ya vijana wa mjini wa enzi zake, na baadaye akamtunga mpelelezi Palmu wa Helsinki.

Anayeisoma Sinuhe katika tafsiri ya Kiingereza ya 1949 naye asidhani anayo riwaya nzima. Tafsiri hiyo ilitokana na ile ya Kiswidi, iliyokuwa imefupishwa na Ole Torvalds, ambaye pia alikuwa mwanahabari, na ndiye babu wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta.