Pochi na daftari: uzushi wa mashabiki kuhusu mishahara ya NFL

Aliyezoea soka ya Ulaya akianza kufuatilia futiboli ya Kimarekani, hesabu ndizo humkwamisha kwanza. Ligi yake kuu, NFL, haina nafasi ya tajiri kuja na gunia la fedha akasajili anayemtaka. Tangu 1994, ukiacha mwaka 2010, timu zote zina kikomo kimoja cha kulipia wachezaji. Mwaka ule kilikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Kila Machi, soko linapofunguliwa, ubishi huwa mkali, na mwingi umesimama juu ya dhana zisizo na miguu.

"Kikomo ni geresha tu, mbona timu zilizokifikia bado zinasajili?"

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi. Ili uielewe, tenganisha pochi na daftari. Mchezaji akisaini mkataba wa miaka mitano na kupewa milioni 40 kama pesa ya usajili, pochi yake imejaa tayari. Daftari la timu lakini linaruhusiwa kuzigawa kwa miaka mitano, milioni 8 kila mwaka. Timu ikibanwa, inamwita nyota wake wa mshahara wa milioni 21, inaacha 1 kama mshahara na kuigeuza 20 iliyobaki kuwa pesa ya usajili. Mwaka huu daftari linasoma 5: 1 ya mshahara na 4 za mgawo wa miaka mitano. Milioni 16 zimesogezwa mbele.

Mkataba ukiwa mfupi, wanaongeza miaka hewa ambayo mchezaji hataicheza, ili mgawo uwe wa miaka mingi. Ni kama wale wafanyakazi hewa wa serikalini: jina lipo kwenye karatasi, mtu hayupo.

Kwa hiyo si geresha, ni mkopo. Waulize New Orleans Saints, waliosogeza deni miaka nenda rudi. Drew Brees, mrusha mpira wao mkuu (quarterback), alistaafu Machi 2021, na kuanzia msimu huo hadi ule wa 2024 hawakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Tena anayekopa hivi anabahatisha kwamba kikomo kitapanda. Kwa kawaida hupanda, ila mwaka 2021 kilishuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5, kwa sababu viwanja vilikuwa vitupu msimu uliotangulia wakati wa Korona.

"Mchezaji wetu kajitolea, kakubali mkataba wake upangwe upya."

Hapa huwa nacheka. Katika mfano wa juu, nyota yule hakupoteza hata senti. Mshahara aliokuwa aupokee kidogo kidogo msimu mzima kaupata kwa mkupuo, na sasa ni ghali zaidi kumwacha. Kupunguziwa mshahara ni jambo jingine kabisa, na hutokea kwa nadra.

"Amesaini milioni 245, basi atavuna milioni 245."

Tarakimu ya kichwa cha habari ni ya kumfurahisha wakala. Ya kuuliza ni kiasi kilichohakikishwa, yaani atakacholipwa hata akiachwa. Septemba 2022 Denver Broncos walimwongezea mrusha mpira wao mkuu, Russell Wilson, miaka mitano kwa karibu milioni 245, kati yake 165 zikiwa zimehakikishwa, huku mkataba wake wa zamani ukiwa na misimu miwili bado. Miaka hiyo mitano ilikuwa ianze 2024. Machi 2024 wakamwacha. Yaani nyongeza nzima ilikufa kabla hajaichezea mechi hata moja!

Deshaun Watson wa Cleveland ndiye kinyume chake: milioni 230 za mwaka 2022, zote zimehakikishwa. Misimu mitatu ya kwanza alicheza mechi 19.

"Hafai, mkateni tuokoe pesa."

Mchezaji akiachwa, pesa ya usajili ambayo daftari halijaimaliza, pamoja na mshahara uliohakikishwa, hudaiwa palepale, au hugawanywa kwa misimu miwili. Hiyo ndiyo pesa mfu. Kumwacha Wilson kuliwagharimu Denver milioni 85 za namna hiyo. Alipohamia Pittsburgh, wenyeji wake wapya walimlipa takribani milioni 1.2 tu, sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwaka huo ilitoka Denver.

Hata hivyo, wanaosema pesa mfu huua timu nao wametia chumvi. Msimu huohuo wa 2024 Denver walishinda mechi 10 na kurudi kwenye mtoano, kwa sababu kijana Bo Nix, aliyechukua nafasi ya Wilson, alikuwa kwenye mkataba wa bei poa wa wachezaji wanaoanza.

"Nyongeza ndefu ni hatari, fupi ni salama."

Inategemea nani na lini. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alipopewa miaka kumi kwa milioni 450 mwaka 2020, watu walishika vichwa. Milioni 45 kwa mwaka ilikuwa kama asilimia 23 ya kikomo cha wakati ule. Kwa kikomo cha 2025 ni asilimia 16.

Binafsi, somo langu ni New York Giants. Machi 2023 walimpa mrusha mpira wao, Daniel Jones, milioni 160 kwa miaka minne tu, huku Saquon Barkley wakimshikilia kwa mwaka mmoja, maana kila mtu alijua mkimbiaji, yule anayekimbia na mpira, halipwi pesa nyingi, anachakaa mapema. Jones aliumia goti Novemba ile, na mwaka mmoja baadaye akaachwa. Barkley alihamia kwa mahasimu wao, Philadelphia Eagles, kwa chini ya milioni 38 kwa miaka mitatu. Msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 2,005, na Februari 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi.