Kutafakari Neno la Mungu ni nini?

Katika makanisa mengi ya Goma, hapa mashariki mwa Kongo, tumezoea maombi ya sauti kubwa, mkesha hadi asubuhi na mfungo wa siku tatu. Ni jambo jema. Lakini kuna zoezi ambalo Biblia inaliagiza waziwazi na ambalo tunalipita haraka: kutafakari. Ni kukaa na maneno machache ya Maandiko, kuyarudiarudia na kuyauliza maswali, mpaka yawe sala na kisha tendo.

Wengine huliogopa wakidhani ni kufukuza mawazo yote kichwani. Sivyo. Mtu anayesifiwa katika Zaburi ya 1 ana kitu anachokitafakari mchana na usiku, sheria ya Bwana. Wala si sawa na kusoma tu. Anayetaka kumaliza Biblia kwa mwaka husoma sura tatu au nne kila siku, na ana faida yake. Anayetafakari anaweza kubaki kwenye mstari mmoja juma zima.

Chukua Zaburi 46: Mungu ni kimbilio, kwa hiyo hatutaogopa, "ijapotetemeka milima moyoni mwa bahari". Kwa msomaji wa mbali huo ni ushairi. Sisi tumeona volkano yetu ya Nyiragongo ikilipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, ambapo ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa na watu wakahama kwa maelfu. Basi tulia hapo. Mwimbaji hasemi kwamba milima haitatetemeka. Anasema hatutaogopa hata ikitetemeka. Je, mimi naweza kuyasema hayo kwa ukweli? Ukishuka hadi mstari wa 9, unakuta Mungu "avikomesha vita hata mwisho wa dunia". Mtu wa Kivu Kaskazini, jimbo letu lililozoea vita, atapitaje hapo bila kuuliza: Bwana, mbona bado? Uliza. Zaburi ya 13 nayo inaanza na "hata lini", na kilio hicho ni sehemu ya kutafakari. Ukifika mstari wa 10, ule wa "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu", utakumbuka kwamba umesemwa katikati ya vita na mataifa yenye ghasia.

Yoshua 1:8 inaagiza torati isiondoke kinywani. Kinywani! Kwa hiyo zoezi hili si la wasomi wenye chumba chao na ukimya wao. Mama asiyejua kusoma, akishika mstari mmoja Jumapili, anaweza kuusema polepole akitoka ziwani na bidoni yake ya maji, na kutafakari kwake hakupungui kitu. Mstari huohuo unataja shabaha: "upate kuangalia kutenda". Wengi wetu tunaruka hapo na kukimbilia ahadi ya kufanikiwa inayofuata. Huko ni kutafuta bahati kwa kutumia Biblia.

Wakatoliki wana utaratibu wa zamani uitwao lectio divina, yaani usomaji mtakatifu. Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12 huko Ufaransa, aliueleza kama ngazi ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Ndugu zangu walokole wasiuogope; chakula chake ni Maandiko yaleyale.

Kuanza ni rahisi. Soma sura nzima kwanza ili ujue nani anasema na nani, kisha chagua mstari mmoja au miwili, useme kwa sauti. Unaonyesha nini juu ya Mungu? Unanidai nini leo? Mawazo yakikimbilia bei ya unga au pesa ya shule ya watoto, usijilaumu: mtajie Mungu jambo hilo, kisha rudi kwenye mstari. Na ukidhani umesikia agizo zito, kama kuuza kiwanja au kuvunja ndoa, usilitende peke yako. Soma tena yanayotangulia na yanayofuata, halafu umpelekee mchungaji, padri au wazee wa shirika (jumuiya yako ndogo ya waumini) walipime pamoja nawe.