Watu wameongezeka, uzazi umepungua

Jumamosi, kwenye arobaini ya jirani yetu, mjomba aliirudia ile kauli: "Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 45, ya 2022 tukakaribia milioni 62. Wanawake wa siku hizi wanazaa kuliko mama zetu." Mkeka mzima ukaitikia. Nimeisikia kauli hiyo kwenye daladala, redioni, hata kwa maofisa mipango wanaopaswa kuelewa, na safari hii nimeshindwa kuimeza.

Si kweli. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 1991/92 ulikuta kiwango cha jumla cha uzazi Tanzania kikizidi watoto 6 kwa mwanamke. Mwaka 2004/05 kilikuwa 5.7, 2015/16 kikawa 5.2, na 2022 kikafika 4.8. Wakenya wameshuka zaidi, kutoka 8 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022.

Sasa watu wanaongezekaje? Kwanza, watoto hawafi kama zamani. Utafiti wa 2004/05 ulikuta katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 112 wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa 2022 ukakuta 43. Pili, akina mama wenyewe wameongezeka. Chukua kijiji chenye wanawake 100, kila mmoja azae watoto 6. Hao ni 600, na mabinti ni kama 300. Wakikua 250 kati yao, na kila mmoja akazaa 4 tu, watapatikana watoto 1,000. Uzazi umeshuka kwa theluthi nzima, na bado wodi ya wazazi inafurika. Mkunga anayesema wamelala wawili wawili kitandani anasema kweli. Kosa ni kuhesabu watoto wodini ukadhani umehesabu watoto wa mwanamke mmoja.

Kinachonikera zaidi ni hiyo 4.8 yenyewe inavyosomwa. Gazeti linaandika "kila mwanamke Mtanzania ana watoto 4.8". Hakuna mwanamke wa namna hiyo, na simaanishi ile nane ya baada ya nukta. Tunachofanya sisi wa tafiti hizi ni kuchukua watoto waliozaliwa katika miaka mitatu kabla ya utafiti, tukaona wenye umri wa miaka 15–19 wamezaa kwa kiwango gani, wa 20–24 kiwango gani, hadi 45–49, kisha tukavijumlisha viwango hivyo kana kwamba mtu mmoja ameyaishi maisha yote hayo ndani ya miaka hiyo mitatu. Kwa hiyo wasichana wakichelewa kuanza kuzaa, labda kwa sababu wako shuleni, namba inashuka mara moja, hata kama mwishoni kila mmoja atapata watoto wake watano kama alivyotaka. Tena ni wastani wa nchi: mwaka huo wa 2022 mijini ilikuwa 3.6, vijijini 5.5. Ukipanga zahanati ya kijijini kwa kutumia 4.8, umeshawapunja.

Namba zenyewe nazo zina udhaifu, na nimeuona kwa macho yangu nikiwa mdadisi, yaani mtu anayepita kuwahoji watu kwa ajili ya utafiti. Katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa nilikaa chini ya mwembe na mama aliyehesabu watoto wake kwa vidole. Wa tatu, akasema, alizaliwa mwaka ilipozama MV Bukoba. Hiyo ni 1996, nikaandika. Tulipofika mwisho akanyamaza, akarudi kwenye kidole cha pili. "Kati ya hawa wawili alikuwapo mwingine. Aliishi siku nne." Nisingesubiri, mtoto huyo asingeingia kwenye dodoso.

Halafu kuna jambo tunalozungumza wenyewe kwa wenyewe. Mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka mitano iliyopita huja na maswali mengi ya chanjo, homa na kunyonya. Mdadisi aliyechoka, jua la saa nane, anamsogeza mtoto nyuma mwaka mmoja ili maswali yasimhusu. Tafiti za nchi nyingi zina alama hiyo: watoto wanapungua ndani ya mpaka wa miaka mitano, wanarundikana nje yake. Ndiyo maana namba ikiyumba kwa 0.1, kama ilivyotoka 5.6 mwaka 1999 kwenda 5.7 mwaka 2004/05, sitangazi kwamba uzazi umepanda.

Nilipomaliza kumweleza mjomba, akauliza kitu kingine: kama uzazi umeshuka, mbona kasi ya ongezeko la watu imepanda, kutoka asilimia 2.7 kwa mwaka kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 hadi 3.2 katika miaka kumi iliyofuata? Nikamwambia, "Hapo umenishika, mjomba." Kupungua kwa vifo kunaeleza sehemu, lakini siamini kunaeleza yote. Nashuku sensa ya 2012 iliwaacha watu, hasa watoto wachanga, ambao makarani hukosa kuwahesabu kuliko wengine wote.