Kuzidisha oili hakupoozi injini ya mipigo miwili

Ujumbe unaozunguka tena kwenye magrupu unasema: pikipiki kubwa ya motokrosi ya mipigo miwili, zidishia oili kwenye petroli isichemke. Si kweli. Oili inalainisha, lakini jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha mchanganyiko wa petroli na oili, haipanuki. Toka mililita 31 za oili kwa lita ya petroli (32 kwa 1) hadi 50 (20 kwa 1), na oili inachukua nafasi ya petroli: petroli inayopita inapungua, hewa inazidi, joto linapanda.

Moshi ndio unaowachanganya watu, kwa kuwa oili ikizidi moshi nao unazidi, wakadhani petroli imezidi; pamoja na neno "mzito", linalosemwa kwa mchanganyiko wenye oili nyingi na kwa wenye petroli nyingi pia.

Fungua plagi uitazame rangi ya ncha yake: kahawia ni salama; ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo, weka jeti kubwa zaidi. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Anayeuamini anaweza kukwamisha pistoni akiwa hewani, katikati ya kuruka na pikipiki.