Kitengo cha Kudhibiti Udanganyifu wa Medicaid ni nini?

Ndugu zetu wengi walioko Marekani wanaishi kwa kazi ya kuhudumia wazee na walemavu majumbani, na mara nyingi mshahara wao hutoka Medicaid bila wenyewe kujua. Ndiyo maana barua ya Medicaid Fraud Control Unit, yaani Kitengo cha Kudhibiti Udanganyifu wa Medicaid, ikifika kazini, watu hukosa usingizi. Wapo wanaoamini ni watu wa uhamiaji. Wapo wanaodhani ni ofisi ya kuwasaka maskini wenye kadi ya bima. Yote mawili si kweli, na kutoelewa huku kunawaumiza watu.

Tuanze na bima yenyewe. Medicaid ni bima ya afya ya umma iliyoanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, wakiwemo wazee na watu wenye ulemavu. Serikali kuu na majimbo huchangia gharama, na jina hubadilika ukivuka mpaka: California ni Medi-Cal, Massachusetts ni MassHealth, Tennessee ni TennCare. Daktari, famasia au wakala wa wahudumu hutoa huduma, kisha hupeleka madai na kulipwa. Anayelipa hakuwepo huduma ilipotolewa. Mwanya uko hapo.

Kitengo hiki kipo kuuziba mwanya huo. Viko 53: kimoja kwa kila jimbo kati ya majimbo 50, pamoja na Washington D.C., Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Kwa kawaida huwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Sheria inataka kiwe mbali kabisa na idara inayolipa madai, maana idara hiyo ikijichunguza yenyewe haitaaminika. Ndani yake lazima wawepo mwanasheria, mkaguzi wa hesabu na mpelelezi, kwa sababu kesi hizi huanzia kwenye makaratasi na kuishia mahakamani. Serikali kuu hulipia asilimia 75 ya gharama zake.

Jukumu la kwanza ni kuchunguza na kushtaki watoa huduma wanaodanganya. Kuna anayedai malipo ya kipimo ambacho hakikufanyika. Kuna anayetoa huduma ndogo na kuandika kubwa ili alipwe zaidi. Kuna anayempa mwenzake hongo ili aletewe wagonjwa. Na kuna saa hewa, ambazo ndizo zinazotugusa sisi. Niliwahi kumshuhudia dada mmoja akiwekewa mezani karatasi ya saa za wiki ambayo hakukanyaga kabisa kwa mzee wake. Msimamizi alimwambia, "Wewe saini tu, kila mtu anafanya hivi." Akasaini, kwa kuogopa kupoteza zamu. Mpelelezi akiikuta karatasi kama ile, jina la kwanza analoliona ni la mhudumu, si la msimamizi. Kwa miaka mingi wahudumu wa majumbani na mawakala wao wamekuwa kundi kubwa miongoni mwa wanaotiwa hatiani kwa udanganyifu. Sheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyoleta utaratibu wa kuthibitisha kwa njia ya kielektroniki, mara nyingi kwa simu, saa ya kuingia na kutoka nyumbani kwa mgonjwa.

Jukumu la pili halisikiki katika jina, nalo kwangu ndilo zito zaidi: kushughulikia ukatili, kutelekezwa na wizi wa fedha za wagonjwa. Chimbuko lake ni New York ya miaka ya 1970, zilipofichuka habari za nyumba za wazee ambako wamiliki walijitajirisha kwa fedha za umma huku wazee wakiteseka vitandani. Mwaka 1975 Charles Hynes aliteuliwa kuwa mwendesha mashtaka maalumu wa kesi hizo, na mwaka 1977 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoyapa majimbo fedha za kuanzisha vitengo kama hivyo. Kwa muda mrefu, kazi hii ya kuwalinda wagonjwa ilihusu zaidi wale walio katika vituo. Mwishoni mwa 2020 sheria ilipanuliwa, na sasa mgonjwa wa Medicaid anayeteswa akiwa nyumbani kwake naye yumo.

Kitengo hakitoi kadi ya bima wala hakimwondoi mtu kwenye bima. Mgonjwa aliyedanganya kipato chake hushughulikiwa na ofisi nyingine, isipokuwa kama ameshirikiana na mtoa huduma.

Taarifa huletwa na idara ya Medicaid ya jimbo, ndugu wa wagonjwa na wafanyakazi wenyewe. Tuhuma ikionekana ina msingi, idara hutakiwa kusimamisha malipo ya mtoa huduma huyo, isipokuwa pawe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Kesi inaweza kuwa ya jinai, yenye kifungo, au ya madai, yenye kurudisha fedha na faini. Katika mwaka wa fedha wa 2023, vitengo vyote kwa pamoja vilipata hukumu za hatia zaidi ya 1,100 na kurejesha zaidi ya dola bilioni 1. Anayepatikana na hatia ya kuidanganya Medicaid huingizwa pia kwenye orodha ya serikali kuu ya waliozuiwa kwa miaka isiyopungua 5, na katika muda huo hakuna kazi inayolipwa na Medicaid wala Medicare (bima ya umma hasa ya wazee) anayoruhusiwa kufanya.

Anayewekewa karatasi ya uongo mezani anaweza kuipigia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lake, na sheria ya serikali kuu inamkataza mwajiri kumfukuza au kumpunguzia zamu kwa sababu ametoa taarifa ya udanganyifu. Awe na tarehe, majina ya wahusika, na kumbukumbu zake mwenyewe za siku alizokwenda kazini na siku ambazo hakwenda.